Jogoo Tatu, Asubuhi Moja

Katika soko kuu la Kisangani, kikwembe, yaani kitenge, kisicho na jina ni mzigo tu. Kinaweza kuwa na rangi isiyochuja na nta pande zote mbili, lakini kama hakijapewa jina kitakaa mezani mpaka panya wakizoee. Mwanamke havai maua wala ndege, anavaa neno. Akiwa na jambo la kumwambia wifi yake, jambo lisilotamkika, haendi kugombana. Anajifunga kikwembe chenye jina hilo, anapita polepole mbele ya mlango wa mwenzake, na ujumbe umefika.

Aliyeyatoa majina hayo kwa miaka mingi alikuwa Katungu, mjane aliyetoka Butembo, mwenye meza ya bikwembe karibu na wauza samaki wakavu. Parokiani walimwita Générose, kwa sauti ya chini, maana ilikuwa mwaka wa themanini na mbili na majina ya ubatizo, yaliyopigwa marufuku na serikali, yalikuwa bado yanafichwa nyumbani kama chupa ya lotoko, pombe ya magendo. "Acha Nikohoe Kwanza" lilitoka kwake. "Wifi, Umeviona Viatu Vyangu?" lilitoka kwake. Kile chenye funguo nyekundu, ambacho wake wapya walikigombania, alikiita "Mlango Wangu, Funguo za Mama Mkwe," na nusu ya mama wakwe wa mtaa wa Mangobo hawakumsalimu tena.

Ulimi ule ulimlisha. Lakini ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na Faustin.

Faustin, mume wake, alikuwa karani wa posta. Asubuhi moja, watu wote wamesimama wima bendera ikipandishwa, kamba ikakwama, na bendera ikabaki katikati ya mlingoti ikining'inia kama suruali iliyosahauliwa kwenye mvua. Faustin akacheka. Hakucheka sana, kicheko kidogo cha puani. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walikuja kumwomba awafuate kwa dakika mbili. Dakika mbili hizo zilikula miezi minane. Aliporudi alikuwa na meno yake yote na vidole vyake vyote, ila kicheko hakikurudi. Aliishi mwaka mmoja zaidi, kisha akafa kimya, kama mtu anayetoka misa kabla haijaisha. Tangu hapo Katungu alijiwekea sheria: waume, mawifi, hata mapadri, sema. Chama, meza mate.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, na kosa lilikuwa la paa.

Paa la soko lilivuja. Mvua ikinyesha, wauza unga walikimbia na magunia yao na wauza chumvi walilia. Mwaka huo kiti cha kwenda kukaa bungeni Kinshasa kilitakiwa na wanaume watatu. Wote walikuwa wa Chama, maana hapakuwa na chama kingine, na Chama kingechagua mmoja wao wa kumsimamisha. Basi wakaanza kupita sokoni mmoja mmoja, kila mtu na kipaza sauti chake juu ya kamioneti.

Wa kwanza alikuwa Citoyen Bosenge, maana Chama kilitaka kila mtu aitwe Citoyen, mwananchi; alikuwa mnene, mwenye fimbo. Agathe, muuza samaki mwenye mdomo usiojua kupumzika, alimuuliza:

"Citoyen, paa inavuja. Utatufanyia nini?"

"Paa hii iliwekwa na Chama," Bosenge alijibu. "Mutu wa kuigusa, anagusa Chama."

Paa liliwekwa na Wabelgiji, lakini nani angemsahihisha?

Wiki iliyofuata akaja Citoyen Litale, mwembamba, mwalimu wa zamani, mwenye kidole kinachotafuta mtoto wa kumchapa. "Paa? Nani hapa anajua mambo ya paa kumupita Guide yetu?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kujua kitu kumpita Rais.

Wa tatu alikuwa Citoyen Afeto, aliyependa mambo ya kale kuliko mababu wenyewe. "Bankambo wetu walikuwa na paa ya soko? Hapana. Walikuwa na heshima? Ndiyo. Donc!" Na pale pale kwenye ile "donc," basi yake ya Kifaransa, mvua ikashuka, wakakimbia wote, yeye akiwa wa kwanza.

Katungu alibaki akikamua bikwembe vyake. Kimoja hakikuwa kimeuzwa tangu kifike: cha njano, chenye majogoo matatu yaliyolielekea jua moja, midomo wazi. Mpwa wake Paluku, mwenye depo ya jumla, alikuwa amenunua mabali, yaani marobota, kadhaa ya kitambaa hicho na sasa hakulala vizuri. Agathe akakiinua huku maji yakimchuruzika puani.

"Mama Katungu, na hii inaitwa nani?"

Katungu alikuwa amelowa na amekasirika, na ulimi uliteleza.

"Jogoo Tatu, Asubuhi Moja."

Agathe alicheka mpaka akashika nguzo. Hakuhitaji kuelezwa. Awike huyu, awike yule, jua litatoka pale pale na paa litavuja pale pale. Lakini Katungu hakucheka. Alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, kama mtu aliyekanyaga nyoka gizani.

"Agathe, mi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, mwenzangu. Nikatie moja."

Siku nne baadaye wanawake wa mitaa ya Tshopo na Kabondo, na wa Lubunga ng'ambo ya mto, walikuja kuuliza kile cha njano. Hawakutamka jina mezani. Waliinua vidole vitatu, kisha kimoja. Paluku akafungua bali la pili, akalala vizuri. Katungu ndiye aliyeacha kulala.

Jumatatu gari jeusi lilisimama mbele ya meza. Mama aliyeshuka alikuwa mke wa Bosenge, Marie-Jeanne kwa wale waliosoma naye kwa masista. Alikuwa ametoka Kinshasa juzi juzi na hakuwahi kununua hata nyanya kwa mkono wake. Mjumbe wa Chama angekuja Jumapili, kutoka Kinshasa, kuwaona wagombea watatu na wanawake wao wa animation, ngoma za kukisifu Chama, wakicheza uwanjani. Wanawake wa Bosenge walikuwa arobaini, na walihitaji vazi.

Kidole chake kilipita juu ya meza yote na kutua juu ya njano.

"Voilà. Jua, alfajiri, jogoo ya kuamusha taifa. Ni hii. Nipe ya watu makumi ine."

Katungu alisogeza mbele vya maua. "Mama, hii… rangi yake haina nguvu. Twa maua tuko pale, tuzuri sana."

"Unanikatalia?"

"Hapana, Mama."

"Hutaki wanawake ya Bosenge wavae vizuri mbele ya mujumbe?" Sauti haikupanda. Ilishuka, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Nitafunga zote sasa hivi, Mama."

"Na inaitwa nani?"

Agathe aliinama ndani ya kapu lake la samaki kana kwamba anatafuta mtu humo.

"Haijapata jina, Mama."

"Bon. Mimi naipa: Sauti ya Alfajiri."

Gari likaondoka na vitambaa vikiwa nyuma. Vilienda moja kwa moja kwa Waziri, fundi cherehani kutoka Kasongo, ambaye mashine yake ilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Waziri aliviangalia, akamwangalia Katungu, akavua miwani yake ya kushonea.

"Shemeji," alisema. Alimwita hivyo kwa utani tangu Faustin alipokuwa hai. "Unataka nishone sanda yako kwa rangi ya njano?"

"Shona, Waziri. Nyamaza na ushone."

Hofu ina tabia ya maji ya mto Tshopo, haiji yote kwa mara moja. Jumanne ilikuja hivi: wanawake wawili wa kundi la Bosenge walipita, wakatazama meza, wakaweka mikono midomoni. Jumatano ilikuja na miguu ya mtu. Alikuwa mwanaume wa makamo, suti ya abacost isiyo na tai, iliyopigwa pasi, miwani myeusi, na kidaftari. Hakununua. Alisimama tu mpaka wateja wakakumbuka shughuli zao nyingine.

"Mama, nasikia wewe unajua majina ya bikwembe yote."

"Kidogo tu, papa."

"Hii?"

"Acha Nikohoe Kwanza."

"Na hii?"

"Wifi, Umeviona Viatu Vyangu."

Aliandika. Alikwenda kimoja kimoja bila haraka, kama padri anayesikiliza dhambi ndogo akisubiri kubwa. Kidole cha mtu yule kikafika kwenye njano.

"Na hii?"

"Sauti ya Alfajiri, papa. Ni bibi ya Citoyen Bosenge aliipa jina. Kwa kinywa chake."

Kalamu ilisimama hewani. "Bibi yangu, mama ya watoto yangu, anaijua kwa jina ingine. Yeye anacheza katika kundi ya Bosenge. Amekataa kunisemea, anacheka tu." Alifunga kidaftari. "Siku ya Yenga watu watakuwa wengi. Kama jina ingine iko, itatoka. Hapo tutatafuta mama yake."

Siku ya Yenga ni Jumapili. Zilibaki siku nne.

Paluku alipopata habari alikuja mbio, shati nje. "Tantine, camion yangu inatoka Jumamosi asubuhi kwenda Butembo. Utakaa mbele na shofa. Hakuna mutu atakuuliza."

"Na Waziri?"

"Waziri ameshona tu."

"Faustin alicheka tu," alisema Katungu.

Kule kwenye mashine, Waziri aliendelea kukanyaga, lakini mguu wake ulikuwa umepoteza mwendo. Kama Katungu angepanda gari lile, Jumatatu wangemchukua fundi, na baada ya fundi Agathe, na Agathe ana watoto saba na mdomo usiofungika. Katungu aliketi juu ya bali. Aliogopa mpaka masikio yakalia. Na kama ilivyo kwa watu wa aina yake, alipofika mwisho wa hofu alikuta utundu umeketi huko unamsubiri.

"Paluku, mabali ya majogoo yamebaki ngapi?"

"Mbili. Nitayachoma leo."

"Huchomi kitu. Nipe kipande ya mfano, na unifungie mdomo yako."

Siku ya Alhamisi alivaa nguo zake za misa akaenda kwa miguu mpaka nyumba ya Litale. Mke wa Litale alimpokea barazani bila kumpa kiti. Katungu alikunjua kipande cha njano polepole, kama anayeonyesha kidonda.

"Mama, nimekuja ju ya kukuonea huruma. Wanawake wa Bosenge, wote makumi ine, watavaa hii mbele ya mujumbe. Jua ya Guide, unaona? Na majogoo yote yanaiangalia."

"Sisi tumekwisha chagua ya bluu."

"Bluu ni nzuri, Mama." Katungu alianza kukunja. "Ila watu ni wabaya. Wataanza kuuliza: hawa wa bluu, ju ya nini wamekataa jua?"

Mke wa Litale alitazama kitambaa, kisha picha ya Guide Mwenyewe ukutani, kisha kitambaa. Katungu aliijua sura ile. Ndiyo aliyoiona kwenye kioo chake tangu Jumatatu. Basi hata hawa, wenye baraza na walinzi, walilala na hofu kitanda kimoja!

"Iko ya watu makumi ine?"

"Iko, Mama. Tena fundi yuko tayari."

Kwa mke wa Afeto haikumchukua hata nusu ya muda huo. Alipoambiwa kwamba wawili wengine wote wamechukua, alianza kupiga kelele kwamba walitaka kumwacha nyuma kwa makusudi. Katika Chama kile kila mtu alitaka kuwa mbele, lakini hakuna aliyetaka kuwa tofauti.

Waziri aliita mafundi wenzake wanne, na mashine tano zikalia pamoja. "Shemeji," alisema huku sindano zikiwa midomoni, "sasa wakituchukua, watakuta tumewafanyia kazi wote watatu. Hatuna upendeleo."

"Nyamaza, ushone."

Jumamosi camion ya Paluku iliondoka bila Katungu. Aliitazama ikipinda kona, na magoti yake yakataka kuikimbilia. Yeye hakuyaruhusu.

Jumapili watu walijaa katika uwanja mbele ya posta. Mlingoti uliomchekesha Faustin ulikuwa pale pale. Katungu alisimama kwenye kundi la wanawake wa soko, Agathe kulia kwake, na mbele kidogo, kando ya jukwaa, ile miwani myeusi ikiwa imewaelekea wao, si wachezaji. Mjumbe wa Kinshasa aliketi katikati, mtu mfupi anayetoka jasho, na wagombea watatu pembeni yake.

Ngoma zikaanza. Kutoka barabara ya mtoni likaingia kundi la Bosenge, la njano, majogoo yakitikisika kiunoni. Watu wakavuta pumzi. Kutoka upande wa kanisa kuu likaingia kundi la Litale, la njano. Pumzi ikakwama. Na kutoka nyuma ya posta, likiwa limechelewa na linakimbia ili kuonekana halikuchelewa, likaingia kundi la Afeto.

Wanawake mia na ishirini, majogoo yasiyohesabika, na kule jukwaani watatu wenyewe wamekaa wameelekea upande mmoja.

Watu elfu kadhaa walikuwa na kitu kile kile nyuma ya meno. Mwanaume mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Kama mmoja angeachia kicheko, wote wangeachia, na miwani ile ingekuja moja kwa moja mpaka hapa. Agathe alianza kutikisika mabega. Katungu alimbana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Agathe. Fikiria matanga ya mama yako."

"Nafikiria," Agathe alisema kwa sauti ya mtu anayezama. "Haisaidii."

Jukwaani, mke wa Bosenge alikuwa amesimama, uso umebadilika rangi. Mke wa Litale alikuwa akimtazama kama mtu aliyeibiwa. Bosenge alifungua mdomo. Na hapo mjumbe wa Kinshasa akainuka, akaanza kupiga makofi.

"Bravo! Nimepita mikoa mitano. Kila mahali wagombea wanagombania hata rangi! Lakini hapa, kikwembe moja. Discipline! Wazo hii ni ya nani?"

Mdomo wa Bosenge, ambao ulikuwa umefunguka kulalamika, uligeukia njiani. "Yangu, Citoyen."

"Yangu," Litale alisema, kidole juu.

"Mimi njo niliwaambia hawa wawili," Afeto akasema.

Basi hapo, hapo! Katungu aliona uwanja wote unavimba kama chungu kabla ya kumwagika. Akafanya kitu pekee alichokijua. Alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kirefu, chembamba, kikali. Agathe akakidaka, wanawake wa soko wakakidaka, wachezaji mia na ishirini wakakidaka, na kila kicheko kilichokuwa nyuma ya meno kikatokea humo, kikajificha humo, kikaruka juu ya mlingoti wa posta mpaka mtoni. Watu walilia machozi. Mjumbe naye alifuta macho. Alisema hajapata kuona mji unaowapenda viongozi wake hivi.

Jumatatu, Katungu alifungua meza akiwa na mkoba mdogo chini yake: sabuni, rozari, nguo ya kubadili. Mwenye miwani alikuja saa tatu. Safari hii hakusimama mbali. Aliketi juu ya kigoda cha wateja na kuweka kidaftari kwenye goti.

"Nilisikia jina," alisema. "Jana, katika kigelegele. Mutu mmoja nyuma yangu aliitamka."

Katungu aliushika mkoba wake kwa mguu.

"Sasa nisaidie, Mama. Nikiandika kwamba ile kikwembe ni matusi, nitaandika pia nani aliichagua. Watatu wamesema ni wao, mbele ya mujumbe. Mujumbe amepiga makofi. Na bibi yangu alikuwa mustari wa kwanza." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye naye hakulala. "Nitaandika nini?"

Ilimchukua Katungu muda kuelewa kwamba lilikuwa swali la kweli, na kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa.

"Andika Sauti ya Alfajiri, papa," alisema taratibu. "Njo jina yenye iko na mwenyewe."

Akaandika. Kisha akachana ukurasa wa Jumatano, akaukunja mara nne, akautia mdomoni na kuutafuna mpaka ukaisha. Akavaa miwani.

"Usitoe jina ingine, Mama. Siku ingine sitakuwa na bibi katika mustari."

Aliondoka. Katungu alibaki amekaa mpaka adhuhuri bila kumhudumia mtu.

Mwezi mmoja baadaye habari ilikuja kwa redio. Chama hakikumchagua Bosenge, wala Litale, wala Afeto. Kilimchagua wa nne, mtu wa kutoka Kinshasa ambaye Kisangani aliijua kwa kuiruka na ndege. Alikuja sokoni na kipaza sauti kipya. Mtu mmoja akamuuliza juu ya paa. Alitazama juu, akasema ni paa lenye historia.

Mvua ilikuwa imeanza. Paluku alikuwa ameleta bali jipya asubuhi ile, kitambaa cha kijani chenye jogoo mmoja peke yake, mkubwa, kifua mbele. Agathe alikiinua, maji yakimdondokea shingoni.

"Mama Katungu. Na hii?"

Katungu alitazama kushoto. Alitazama kulia. Alitazama pale ambapo mtu mwenye miwani alizoea kusimama, na palikuwa wazi, jambo ambalo halikumtuliza hata kidogo.

"Haina jina," alisema.

Akavuta ncha ya kikwembe chake mpaka puani, akainama chini ya meza kama mwanamke anayetafuta sindano iliyoanguka. Mabega yake yalitikisika. Ilikuwa ni kicheko kidogo, cha puani, kile kile cha Faustin. Alikaa huko chini mpaka kilipomwisha, akakausha macho, ndipo akainuka na kuangalia tena nyuma yake.